Vimelea sugu wodi ya watoto wachanga: mwongozo wa kuifuatilia na kuikata njia inayopita kwa wahudumu

Majibu ya maabara yamerudi: watoto watatu wa wodi moja wana bakteria wa Klebsiella kwenye damu, na kwa wote watatu antibayotiki za seftriaksoni na gentamisini hazifui dafu. Kabla zamu haijaisha, swali linalozunguka wodini ni moja: nani katuletea? Hakuna swali baya la kuanza nalo kuliko hilo. Mwenye kidonda kidoleni atabandika plasta na kukaa kimya, mwenye ukurutu atajificha ndani ya glovu, na ninyi mtakuwa mnamsaka mtu huku kimelea kikiendelea kupita kwenye chupa ya maji ya chumvi iliyo mezani.

Mwongozo huu ni wa muuguzi kiongozi wa wodi, daktari wa watoto na yeyote aliyekabidhiwa kinga na udhibiti wa maambukizi hospitalini. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mhudumu mara nyingi ni daraja la kimelea, mara chache ni makao yake. Anayekibeba kwa dakika kumi anahitaji spiriti ya mikono iliyo karibu na kazi iliyopangwa vizuri. Anayekibeba kwa miezi anahitaji kupimwa na kutibiwa. Ukiwachanganya hawa wawili, utawaonea wengi na mlipuko utabaki palepale.

Jua kwanza mhudumu anabeba nini, na wapi

Bakteria kama Klebsiella, Acinetobacter, Serratia na jamii yao kwa kawaida hawafanyi makazi ya kudumu kwenye ngozi yenye afya. Wanaidandia mikono kutoka kwenye nepi, kwenye ngozi ya mtoto, kwenye kishikio cha inkubeta au kwenye sinki, wanakaa muda mfupi, na wanaondoka mikono ikisafishwa ipasavyo. Muda huo mfupi unatosha kabisa kumfikia mtoto wa kitanda cha pili. Njia hii ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya maambukizi ya wodini.

Stafilokoka ana tabia nyingine. Takribani mtu mmoja kati ya watatu wenye afya njema hubeba Staphylococcus aureus puani bila dalili yoyote. Kwa aina sugu, ile ambayo maabara huiandika MRSA, mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 yalikuta wastani wa asilimia 4.6 ya wahudumu wa afya wanaibeba, na wengi wao walikuwa wazima wa afya. Mtu wa namna hii anaweza kunawa vizuri, kisha akajigusa pua, na mikono ikarudi ilivyokuwa.

Kundi la tatu ni dogo lakini lina madhara makubwa: wenye ngozi iliyochubuka, ukurutu wa mikono, kucha zilizooza pembeni au ugonjwa wa sikio la nje. Kwenye ngozi iliyoharibika hata vimelea ambavyo kwa kawaida ni wapita njia hupata pa kukaa. Imewahi kutokea Marekani kwamba nimonia na maambukizi ya damu ya bakteria wa Pseudomonas kwa watoto waliozaliwa na uzito mdogo sana yakahusishwa na mhudumu ambaye sikio lake lilikuwa likiugua na kupoa, likiugua na kupoa. Nani angeanza kufikiria sikio?

Mtoto njiti anapokea yote haya akiwa hana ngao. Ngozi yake ni nyembamba, kinga yake bado changa, ana kanula, yaani mrija mdogo wa mshipani, mkononi na mrija puani, na dawa alizopewa tangu siku ya kwanza zimeua vimelea vyema ambavyo vingewahi nafasi kabla ya vile vibaya. Juu ya hapo, anaguswa na watu wengi mno kwa siku moja.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli kuna mlipuko

Chukua karatasi, au fungua jedwali kwenye kompyuta, na uandike kila mtoto kwa mstari wake: tarehe ya kuzaliwa, alizaliwa hapo hapo au kaletwa, uzito, kitanda alicholala na alichohamia, siku dalili zilipoanza, kimelea, dawa zinazokiua na zinazoshindwa kukiua, kanula, mrija, mashine ya kupumulia, mwisho alikuwaje.

Angalia saa 72 za mwanzo. Kwa desturi maambukizi ya kabla ya hapo huhesabiwa kuwa yametoka kwa mama au chumba cha kujifungulia, na ya baada ya hapo yametoka wodini. Usiikumbatie kanuni hii kwa macho yaliyofumba. Pale ambapo chumba cha kujifungulia, meza ya kumfufulia mtoto na mashine ya kufyonzea kamasi vina vimelea vya hospitali, mtoto wa siku moja anaweza kabisa kuwa na kimelea cha hospitali. Mlipuko wako unaweza kuwa umeanzia huko, na wodi ikawa inaupokea tu.

Kisha linganisha orodha za usugu. Klebsiella watatu wenye orodha inayofanana kabisa wanatia shaka. Klebsiella mmoja, E. coli mmoja na stafilokoka wa ngozi mmoja ni matatizo matatu tofauti, pengine moja likiwa ni uchafu wa wakati wa kuchukua damu. Siku hiyohiyo piga simu maabara uwaombe wasitupe vimelea walivyootesha. Maabara nyingi hutupa baada ya siku chache, na vikishatupwa huwezi tena kuthibitisha kwamba kimelea cha mtoto na cha mhudumu ni ndugu.

Hatua ya 2: Chukua tahadhari kabla hujajua chanzo

Usisubiri ukamilifu wa uchunguzi. Siku ileile:

– Walaze pamoja watoto wenye kimelea hicho, upande mmoja, na wapewe muuguzi wao ambaye zamu hiyo hagusi watoto wengine. Idadi ya wauguzi isiporuhusu, basi mtiririko wa kazi uwe mmoja: watoto wasio nacho kwanza, wenye nacho mwisho.

– Kila kitanda kiwe na stetoskopu yake, kipimajoto chake, utepe wake wa kupimia na chupa yake ya spiriti ya mikono.

– Wapimwe watoto waliobaki kwa swabu, yaani kijiti cha pamba cha kuchukulia sampuli, ya njia ya haja kubwa ikiwa kimelea ni cha utumbo, au ya pua na kitovu ikiwa ni stafilokoka. Kwa kila mtoto anayeugua huwa kuna wengine wanaokibeba kimyakimya, na hao ndio hazina ambayo mikono inachota.

– Wahudumu wa kuazima na wanafunzi wapungue. Kila mkono wa ziada ni njia ya ziada.

Hatua ya 3: Simama pembeni uangalie

Hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko popote. Vuta kiti, kaa saa nzima mahali ambapo unaona vitanda viwili vitatu, na usiandike jina la mtu. Andika mkono umegusa nini, kisha nini.

Utaona mambo ambayo hayamo kwenye mwongozo wowote wa ukutani. Muuguzi amevaa glovu, anabadilisha nepi. Pampu ya dripu inalia. Kwa glovu zilezile anabonyeza kitufe kuizima, anasukuma mlango wa inkubeta kwa kiwiko, anarudi kwenye nepi, anamaliza, anavua glovu, anachukua kalamu na kuandika. Daktari anafika dakika tano baadaye, ananawa vizuri mno, anazima pampu iliyolia tena, kisha anamgusa mtoto. Ukiwauliza, wote wawili watakuambia wamefuata taratibu, na kwa sehemu kubwa wanasema kweli. Kitufe cha pampu hakikuwa kwenye hesabu ya mtu.

Shirika la Afya Duniani lilitaja nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya hatari ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vilivyomzunguka. Kwa uzoefu wangu wa kusoma fomu za ukaguzi, wakati wa pili ndio unaoua watoto wachanga na ndio unaorukwa zaidi: muuguzi anagusa nguo ya kitanda, kisha moja kwa moja anafungua kifuniko cha kanula. Ukiwa na nguvu ya kurekebisha wakati mmoja tu wiki hii, rekebisha huo.

Spiriti ya mikono ifike kila mahali na isuguliwe kwa sekunde 20 hadi 30 mpaka ikauke. Sabuni na maji ni sekunde 40 hadi 60, na ni lazima pale uchafu unapoonekana kwa macho. Hospitali isiyopata spiriti ya kununua inaweza kuitengeneza kwenye famasia yake kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani, yenye ethanoli asilimia 80, gliserini asilimia 1.45 na haidrojeni peroksaidi asilimia 0.125. Gliserini isiachwe, kwa kuwa mikono ikipasuka watu wataacha kuitumia, na mikono iliyopasuka ndiyo inayofuga vimelea.

Ukiwa bado umekaa kwenye kiti chako, tazama pia haya. Chupa ya maji ya chumvi ya nusu lita iliyochomekwa sindano asubuhi, ambayo kila anayekuja anachota kuchanganyia dawa za mtoto wake: hiyo ni mikono ya wodi nzima ndani ya chupa moja, na ikichafuka inawaingia wote moja kwa moja kwenye damu. Iondolewe leo, si kesho. Itumike chupa ndogo ya mara moja kwa mtoto mmoja. Chupa ya sabuni ya maji inayojaziwa juu kwa juu bila kuoshwa. Taulo moja la kitambaa. Simu inayotoka mfukoni kwenda sikioni kwenda mezani karibu na kichwa cha mtoto.

Na kucha. Oklahoma, Marekani, miaka ya 1997 na 1998, wodi ya wagonjwa mahututi ya watoto wachanga ilipata mlipuko mrefu wa Pseudomonas. Watoto 46 walipata kimelea hicho na 16 kati yao walifariki. Wachunguzi walipopima mikono ya wahudumu, walikikuta kwa wauguzi wachache, miongoni mwao mwenye kucha ndefu za asili na mwenye kucha bandia. Baadaye huko New York mlipuko wa Klebsiella wa aina ya ESBL, yaani wenye kimeng'enya kinachovunja antibayotiki nyingi, nao ukahusishwa na kucha bandia. Kwa hiyo katika wodi hii hakuna mjadala: kucha fupi zisizopita ncha ya kidole, hakuna za bandia, hakuna pete wala saa wala bangili, mikono wazi hadi kiwiko. Sheria hii imhusu profesa kama inavyomhusu mwanafunzi. Ikilegezwa kwa mkubwa mmoja imekufa.

Hatua ya 4: Linganisha zamu, kwa uangalifu

Mara nyingi hatua ya pili na ya tatu zikifanyika kweli, wagonjwa wapya wanakoma na huna haja ya kuendelea. Endelea kumfikiria mtu anayebeba kwa muda mrefu ikiwa moja ya haya linaonekana: wagonjwa wanaongezeka ingawa usafi wa mikono umepanda kwa kipimo na si kwa maneno, kimelea ni stafilokoka, ambaye makao yake ya kawaida ni binadamu, mlipuko unatulia kisha unafufuka bila mtoto mpya aliyekileta, au kuna mhudumu mwenye kidonda au ukurutu unaojulikana.

Chora jedwali: watoto upande mmoja, zamu na kazi upande mwingine, yaani nani aliweka kanula, nani alifyonza kamasi, nani alipiga picha ya eksirei. Wako wanaosahaulika kila mara: mpiga eksirei, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anayechukua damu, msafishaji.

Sasa tahadhari kubwa. Muuguzi hodari ndiye anayepangiwa watoto walio hoi, na watoto walio hoi ndio wanaopata maambukizi. Jina lake litajaa kwenye jedwali lako hata kama mikono yake ndiyo misafi kuliko yote wodini. Ndiyo maana lazima uweke pia watoto ambao hawakupata kimelea, wenye uzito na hali inayokaribiana na ya wagonjwa, kisha uulize kama jina hilo linajaa kwao vilevile. Likijaa sawasawa, huna kitu. Jedwali lisilo na watoto wa kulinganisha limewaharibia watu kazi zao bure.

Hatua ya 5: Kupima wahudumu, na wakati wa kutopima

Kabla ya kuchukua swabu ya kwanza, jibu swali hili kwa maandishi: tukimpata, tutafanya nini? Kwa MRSA jibu lipo, kuna dawa. Kwa vimelea vya utumbo kama Klebsiella sugu, hakuna tiba ya kuaminika ya kuviondoa kwenye utumbo wa mtu mzima wa afya, na miongozo ya wataalamu haipendekezi kujaribu kama jambo la kawaida. Ukiwapima wahudumu kwa swabu ya haja kubwa utapata wabebaji, utawadhalilisha, na ushauri utakaowapa ni uleule ambao ungewapa bila kipimo: safisha mikono. Achana nacho.

Ikiwa kupima kuna maana, kufanyike hivi. Chukua sampuli mhudumu anapoingia zamu, kabla hajamgusa mtoto. Ukipima katikati ya zamu utakamata vimelea vya wapita njia alivyovidandisha asubuhi na umtangaze mbebaji mtu ambaye kesho yake hana kitu. Pima pua zote mbili, na mahali popote penye kidonda, ukurutu au mchubuko. Koo pia ukiweza. Kila sampuli ibebe namba, na orodha ya namba na majina akae nayo mtu mmoja, ikiwezekana wa kitengo cha afya ya wafanyakazi, si mkuu wa wodi. Wapimwe wa kada zote kwa wakati mmoja. Wakipimwa wauguzi peke yao ujumbe unaosikika ni kwamba madaktari hawana pua.

Kumpata mbebaji hakumaanishi umempata aliyeanzisha. Anaweza kuwa ameambukizwa na watoto walewale. Linganisha kimelea chake na vya watoto, kwa orodha ya usugu kwa uchache, na kwa kusoma jenomu, yaani vinasaba vyote vya kimelea, pale inapowezekana. Mfano mzuri ni wa Cambridge, Uingereza, mwaka 2011, kwenye wodi ya uangalizi maalumu ya watoto wachanga. Kusoma jenomu kuliunganisha wagonjwa wa MRSA ambao njia za kawaida ziliwaona hawahusiani. Zikapita siku 64 bila mtoto mpya, ikaonekana yamekwisha, kisha akatokea mwingine. Wakapimwa wahudumu 154, akapatikana mmoja, na jenomu ya kimelea chake ikaingia kwenye familia ileile ya mlipuko. Zingatia mpangilio: hawakuanza na pua za watu 154. Walifika huko baada ya ushahidi kuwasukuma.

Hatua ya 6: Aliyepatikana atendewe kama mgonjwa

Aitwe faraghani, na taarifa ya kwanza anayopewa iwe kwamba hakufanya kosa. Tiba inayotumika sana kwa MRSA ya puani ni marhamu ya mupirosini asilimia 2, kila tundu la pua, mara mbili hadi tatu kwa siku kwa siku 5, pamoja na kuoga kila siku kwa klorheksidini asilimia 4 kwa siku hizohizo, nywele zikiwemo, na kubadilisha taulo na mashuka. Maabara ithibitishe kwanza kwamba mupirosini inafanya kazi, kwa sababu nayo ina usugu wake. Mwenye ukurutu atibiwe ukurutu. Bila hivyo marhamu ya pua ni kazi bure.

Baada ya siku kadhaa bila dawa, swabu zirudiwe, na zirudiwe tena wiki zinazofuata, maana kurudi ni kawaida. Ikishindikana mara ya pili, angalia koo na angalia watu anaoishi nao.

Kuhusu kazi: mwenye kidonda au ukurutu wenye kimelea asiguse watoto wachanga mpaka apone. Mwenye pua tu na ngozi nzima, uamuzi ni wa timu ya udhibiti wa maambukizi, na katikati ya mlipuko wengi humhamishia kazi isiyogusa mgonjwa hadi tiba iishe. Kwa vyovyote, mshahara usiguswe na posho za zamu zisikatwe. Siku wodi itakapojua kwamba aliyepimwa alipoteza hela, hutapata mtu wa pili atakayekuonyesha kidonda chake.

Hatua ya 7: Punguza idadi ya mikono

Kwa viwango vya Uingereza, mtoto mahututi hupewa muuguzi wake mmoja, watoto wawili wa uangalizi wa kati hugawana muuguzi mmoja, na wa uangalizi wa kawaida humgawana wanne. Wodi nyingi duniani haziko hata karibu na hapo. Muuguzi mwenye watoto kumi na tano hawezi kusafisha mikono kila inapotakiwa. Hesabu ya dakika haikubali, na bango jipya ukutani halitaibadilisha. Lakini unaweza kupunguza idadi ya miguso: kupima joto, kubadilisha nepi na kulisha vifanyike kwa mkupuo mmoja, damu ichukuliwe mara moja kwa vipimo vyote, kanula isiyohitajika itolewe leo, na watoto wawili wasilazwe inkubeta moja.

Mama naye ni mkono unaofaa. Utafiti wa huduma ya kangaroo, yaani mtoto kukaa kifuani ngozi kwa ngozi, inayoanza mara baada ya kuzaliwa, uliofanyika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha vifo pungufu kwa watoto wa uzito mdogo, na walioshukiwa kuwa na maambukizi ya damu pia walipungua. Mtoto aliye kifuani mwa mama hupata vimelea vya mama, vingi vikiwa havina usugu wa hospitali, na anaguswa na watu wachache zaidi. Mfundishe mama kusafisha mikono siku ya kwanza, na umwambie waziwazi ana haki ya kumuuliza daktari kama amesafisha yake.

Dawa nazo zina sehemu yake, kwa ufupi: otesha damu kabla ya kuanza, na mtoto akiwa mzima na damu haijaotesha kitu ndani ya saa 36 hadi 48, simamisha. Kila siku ya ziada ya antibayotiki inawapa nafasi wale walio sugu.

Hatua ya 8: Wazazi, na wakati wa kusema yamekwisha

Waambie wazazi mapema, kabla hawajasikia kwenye benchi la nje: kuna kimelea sugu wodini, mtoto wenu anacho au hana, tunafanya hivi, nanyi mtusaidie hivi. Usimtaje mhudumu yeyote. Mtoto anayehamishiwa hospitali nyingine aende na barua inayosema anabeba nini, la sivyo mlipuko wako utakuwa wa wenzako.

Usitangaze mwisho kwa sababu ya wiki mbili tulivu. Kumbuka siku 64 za Cambridge. Endelea kuwapima watoto kila wiki mpaka wote waliokuwa na kimelea wametoka na waliobaki hawana. Halafu urudi kwenye kile kiti chako cha pembeni, safari hii saa nane usiku, uone kama chupa za spiriti bado zina kitu ndani.